Siku Nzima Angani

Kwa miaka minane Rozalia alijua kwamba ndege ikitoka Mbeya kuja Iringa huchukua siku nzima. Alilijua jambo hilo kama alivyojua kwamba Ruaha Mdogo hujaa mwezi wa Machi na kwamba baridi ya Juni huingia hadi kwenye meno. Hakuwa ameliona kwa macho yake. Aliambiwa na mume wake, na mume wake alikuwa mtu wa ndege.

Liberatus hakuwa rubani. Alikuwa mjaza mafuta. Ndege ndogo ya kampuni aliyoifanyia kazi ilibeba maofisa, dawa na magunia ya barua kati ya Mbeya na Iringa, na kwa kuwa mafuta yake yalitunzwa kwenye mapipa, ilihitaji mtu wa kuzungusha pampu ya mkono huku na kule. Hivyo Liberatus aliruka nayo. Alikaa Mbeya majuma kadhaa, akarudi Iringa kwa siku chache, akaondoka tena. Siku ya kurudi, ndege ilipaa Mbeya umande haujakauka, naye akabisha hodi nyumbani kwao Ipogolo jua limekwisha kuzama, macho mekundu, kofia mkononi.

"Sema kwa nguvu, Mama Tekla!" alipaza sauti mlangoni, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. "Injini imenguruma masikioni tangu asubuhi! Sisikii kitu!"

Rozalia alikuwa na dawa yake. Alipasha mafuta ya nyonyo kwenye kijiko juu ya makaa, akamlaza mumewe kichwa mapajani, akamdondoshea sikio hili, kisha lile, akaziba kwa pamba. Halafu akamkanda miguu kwa maji ya moto, maana mtu aliyekunja miguu angani mchana kutwa damu yake huganda. Taratibu sauti ya Liberatus ilishuka, akaanza kuongea kama watu. Rozalia aliipenda saa hiyo kuliko saa zote za maisha yao. Alijiona kama ndiye aliyemteremsha mtu kutoka mawinguni, akamrudisha nyumbani.

Zamani, mwanzoni kabisa, aliwahi kuuliza. Gari la abiria likitoka Mbeya alfajiri linafika Iringa jioni. Ndege nayo inafika jioni. Sasa faida ya ndege ni nini?

Liberatus hakukasirika. Alicheka kwa upole, na huo upole ndio Rozalia alioukumbuka baadaye kwa uchungu kuliko maneno yenyewe.

"Barabara ina lami, Mama Tekla. Hewa haina lami. Upepo wa Usangu unairudisha ndege nyuma kama ng'ombe aliyekataa kamba. Tukifika juu ya Igawa tunazunguka, tunazunguka, tunangoja mawingu yapishe. Siku nyingine tunashuka kwanza Chunya, kuwapelekea wachimba dhahabu vitu vyao. Wewe ukitazama ndege unaona inakwenda mbio. Ni kwa sababu uko chini."

Rozalia aliyachukua maneno hayo, akayafanya mali yake. Bombani, kina mama walipomtania, hakukosa jibu.

"Ndege ya mume wako ina kwato," alisema mmoja. "Inatembea, inalisha njiani."

"Wewe umepanda ndege lini?" Rozalia alimrudishia. "Hata trekta la ujamaa hujapanda." Kisha akaweka ndoo chini, akawaonyesha kwa viganja vyake viwili jinsi upepo wa Usangu unavyoisukuma ndege, naye ndiye alikuwa ndege na ndiye alikuwa upepo. Kina mama walisikiliza. Watu waliowahi kupanda ndege walikuwepo Iringa, lakini hawakuchota maji bombani.

Jambo lililomsumbua Rozalia halikuwa angani. Lilikuwa kanisani. Liberatus alimtolea mahari, ng'ombe walifika kwa wajomba, pombe ikanywewa. Kwa wazee wa Kihehe alikuwa mke wa mtu bila swali. Lakini kwa Padri alikuwa mwanamke anayeishi na mwanamume bila sakramenti. Kila Jumapili, wakati wa kukomunika ulipofika, wenzake walisimama wakaenda mbele, naye akabaki kwenye benchi, akikusanya magoti pembeni ili wapite. Mama yake alipita. Wasichana aliowafundisha yeye mwenyewe kusoma sala walipita. Na mwaka ule, mwaka ambao watu walikuwa wakihamishiwa vijijini na Wachina wakijenga reli, Tekla alianza mafundisho ya komunyo ya kwanza. Jioni moja akiwa anachambua maharage akauliza, bila ubaya, "Mama, wewe ulifanya dhambi gani?"

Rozalia hakulala usiku huo. Liberatus aliporudi, kabla hata hajakandwa miguu, Rozalia alimwambia, "Safari hii sitaki kesho. Twende kwa Padri."

Alitegemea visingizio vile vile: likizo, ruhusa, msimamizi mkali. Lakini Liberatus alisema, "Haya. Twende." Rozalia alilia kwa furaha. Padri akawaandikisha, na matangazo ya ndoa yakaanza kusomwa. Jumapili ya kwanza Liberatus na Rozalia, mwenye kujua kizuizi aseme: kimya. Jumapili ya pili: kimya, na mwanamke mmoja wa bombani akageuka akamkonyeza. Likabaki tangazo la mwisho. Baada ya hapo, ndoa. Baada ya ndoa, angesimama na wenzake, aende mbele.

Jumamosi ya kuamkia tangazo hilo, Rozalia alikuwa zamu ya asubuhi katika hospitali ya misheni, ambako alikuwa mhudumu wa wodi ya wanawake. Usiku uliotangulia aliletwa mama mmoja wa Isimani aliyeungua vibaya na mafuta ya taa. Daktari akaamua apelekwe Mbeya kwa ndege ya misheni. Muuguzi wa zamu, Regina, ambaye kwa kawaida ndiye angekwenda, alikuwa na mimba kubwa.

"Nenda wewe, Rozalia," alisema. "Kazi yako ni kushika chupa ya maji aliyotundikiwa, isiyumbe. Basi."

"Mimi? Na leo Baba Tekla anafika jioni."

"Kwani utalala huko? Utarudi na ndege hiyo hiyo."

Rozalia aliona Regina anasema kwa kutojua. Lakini mgonjwa alikuwa anagugumia, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kufundishwa habari za upepo wa Usangu. Alikimbia jikoni. Alifunga ugali mkubwa kwa kitambaa, akaweka maharage kwenye bakuli la bati, akajaza chai kwenye chupa, akachukua blanketi, akavaa sweta mbili. Regina alipomwona anapanda kwenye Landrova ya hospitali na furushi lile alishika kiuno.

"We mama, unahama?"

"Njaa ya angani huijui," Rozalia akajibu.

Uwanja wa Nduli uko upande wa pili wa mji, kwenye barabara ya Dodoma. Rozalia hakuwa amefika hapo hata mara moja. Liberatus alimwambia walinzi hawaruhusu wake za wafanyakazi. Hakukuwa na walinzi. Kulikuwa na njia ya changarawe, mfuko wa kuonyesha upepo juu ya mti, na mbuzi wa mtu wakifukuzwa kando. Rubani, Mzungu wa misheni mwenye ndevu, aliyekisema Kiswahili kama mtu wa Njombe, alimfunga mkanda akamwambia asiogope.

Hakuogopa. Mara ardhi ilipoanguka chini yao, alijisikia karibu na mume wake kuliko wakati wowote. Kumbe ndivyo anavyoviona vitu, aliwaza: barabara kama uzi, bati za mji zikimetameta, kisha nchi kavu, kisha bonde la Usangu, bapa na pana, na madoa ya ng'ombe wa watu waliohamia kutoka kaskazini. Alishika chupa ya maji juu ya kichwa cha mgonjwa na kungoja upepo. Alijikaza tumbo kwa ajili ya mizunguko ya Igawa. Ndege ilitikisika kidogo, kama gari lililopita juu ya jiwe, ikanyooka. Milima ikasimama mbele yao, ya buluu, kisha ya kijani. Halafu masikio yakaanza kumziba, na rubani akageuza kichwa.

"Tunashuka, mama."

"Tunapumzika?"

"Tunafika. Ule mlima ni Loleza, na ule mji ni Mbeya."

Rozalia alitazama chini. Aliona nyumba, makanisa, migomba. "Leo hakuna upepo," alisema.

"Upo wa kawaida."

"Na mawingu ya Igawa? Hamzunguki?"

Rubani alicheka, akidhani anataniwa. "Nizunguke nini, mama? Ni maili kama mia na themanini, moja kwa moja. Kandege kangu haka ni kavivu, kanachukua saa moja na robo. Zile za kampuni zinatangulia. Mtu akichelewa sana, ni saa moja na nusu."

"Hata siku mbaya?"

"Siku mbaya haturuki."

Magurudumu yaligusa ardhi. Gari la wagonjwa lilikuwa linangoja, na kwa muda kazi ikamwokoa: kushika, kuinua, kumfunika yule mama, kumpa muuguzi wa Mbeya karatasi za daktari. Gari lilipoondoka Rozalia alibaki peke yake ukingoni mwa uwanja na furushi lake mikononi. Kitambaa kilikuwa na joto. Alikifungua. Ugali ulitoa mvuke.

Alikaa juu ya jiwe, akautazama.

Mtu mmoja aliyekuwa akizungusha pipa tupu alimsogelea. Alikuwa mcheshi, mnene kidogo, lafudhi yake ya Kinyakyusa. Jina lake Gideoni, alisema, na chakula cha mama anayekitazama bila kukila kinamwuma yeye.

"Karibu ule, kaka," Rozalia alimwambia. Gideoni akaosha mikono, akala. Rozalia aliuliza polepole, "Hapa kuna mtu wetu wa Iringa. Liberatus."

"Liberatus! Mwenzangu wa pampu. Mmepishana angani, mama. Ameondoka na ndege ya asubuhi. Saa hizi," Gideoni alitazama jua, akatabasamu, "saa hizi yuko nyumbani kwake Nduli, amevua viatu, anakunywa chai. Yule bwana kajua kuoa! Mimi mke wangu yuko Tukuyu, nahangaika na magari. Yeye mke wake akiisikia ndege inatua anaweka maji jikoni."

"Mke wake wa Nduli."

"Mama Sedekia. Nyumba yenye mlango wa kijani, ukitoka uwanjani hivi. Mimi nililala pale mwaka jana. Mwanamke mkarimu!" Alimega tonge jingine. "Wewe ni ndugu yake?"

"Tunasali pamoja," Rozalia alisema.

Safari ya kurudi alifumba macho. Alijaribu kuhesabu zile siku, siku ya kwenda na siku ya kurudi, kila safari, miaka minane. Akaacha, maana kila siku aliyoigusa ilikuwa na yeye ndani yake, Ipogolo, anapanga kuni za kukandia miguu. Hasira haikuja. Kilichokuja ni aibu, na picha ya viganja vyake mwenyewe pale bombani, vikiruka.

Walitua Nduli mchana, jua bado liko juu. Landrova ilikuwa haijaja. Rozalia alitembea tu, na nyumba yenye mlango wa kijani haikuwa mbali.

Mwanamke aliyetoka alikuwa mdogo kuliko yeye, amefunga kitenge kifuani, mikono ina unga. Aliona gauni la hospitali.

"Kamwene, dada. Unatoka ndegeni? Karibu kivulini."

"Kamwene. Naomba maji tu."

Mwanamke alimletea maji kwenye kikombe cha kauri, akakiweka juu ya kisahani, akapiga goti kidogo kama anavyopewa mgeni. Alijitambulisha kuwa ni Kalista. Aliongea chini chini, akionyesha kwa kidevu upande wa pili wa nyumba. "Samahani, nisipaze sauti. Baba Sedekia amelala. Ametoka safari."

Rozalia aliangalia. Kwenye mkeka, chini ya mti wa mparachichi, Liberatus alilala chali, mdomo wazi, mtoto mchanga amelala kifuani pake. Masikioni hakuwa na pamba. Inzi alitua kwenye paji la uso wake, naye akampunga usingizini, bila haraka, kama mtu aliye kwake.

"Anachoka sana na ndege?" Rozalia aliuliza.

"Ndege?" Kalista alicheka kwa kujizuia. "Ndege ni kufumba na kufumbua. Kinachomchosha ni ulinzi. Siku akifika, jioni anakwenda mjini kulinda bohari la kampuni, halafu wanamweka huko siku mbili tatu. Namwambia, hao mabwana zako hawana huruma."

"Mna muda mrefu?"

"Miaka sita tangu ndoa. Tulifunga kwetu, kwa Walutheri." Alisema hivyo kwa fahari ndogo, akapangusa unga mikononi. "Nikuongeze maji?"

"Asante, dada. Yametosha."

Jioni ile, giza likianza kuingia, hodi ilibishwa Ipogolo.

"Sema kwa nguvu, Mama Tekla! Sisikii kitu!"

Rozalia alimwekea kiti. Akapasha mafuta ya nyonyo. Mama yake alikuwa amemchukua Tekla kwenda kushona shela ya arusi, kwa jirani. Nyumba ilikuwa yao wawili.

"Habari ya njia?" alipaza sauti.

"Mbaya! Upepo! Igawa tumezunguka mpaka nikasema leo tutalala huko huko juu!"

Liberatus alilaza kichwa mapajani pa mkewe, akafumba macho. Rozalia alishika kijiko. Hakuinama. Kwa sauti ambayo mtu humsemea mtoto aliyekwisha sinzia, alisema, "Kalista anapiga goti anapompa mgeni maji."

Macho ya Liberatus yalifunguka.

Kisha Liberatus akainuka, akakaa, akatazama makaa, na alipoanza kusema sauti yake ilikuwa ndogo kabisa.

"Nani amekwambia?"

"Nimeruka."

Liberatus aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali hesabu. Hakupinga. Alisema mambo mengi: kwamba alimpenda kwanza yeye, kwamba Kalista alipata mimba na baba yake ni mzee wa usharika, kwamba hakuona pa kutokea. Kisha akamshika mkono.

"Sikiliza. Kesho ni tangazo la mwisho. Walutheri hawaji kanisani kwetu. Na ile ndoa ya kule, kwa Padri haihesabiki, niliuliza. Kesho ukinyamaza tu, wewe ndiye mke. Wewe, si yule. Utakwenda mbele na Tekla pamoja. Si ndicho ulichokitaka?"

Ndicho alichokitaka. Hilo ndilo lililomwuma. Alikuwa na hakika angeweza kunyamaza. Mwanamke aliyenyamaza miaka minane anashindwaje na dakika moja? Alimwaga mafuta ya kijiko kwenye makaa, yakawaka, yakazima.

"Lala ukumbini," alimwambia.

Asubuhi walikwenda kanisani wakiongozana, kama desturi. Liberatus alikaa upande wa wanaume, shati limepigwa pasi. Rozalia alikaa upande wa wanawake, kati ya mama yake na Tekla. Baada ya mahubiri katekista alisimama na karatasi. Alisoma majina, akasema hili ni tangazo la tatu na la mwisho, na mwenye kujua kizuizi chochote anapaswa kusema, asipofanya hivyo ana dhambi.

Kimya kilikuwa kile kile cha Jumapili mbili zilizopita. Rozalia aliusikia ukimya huo ukimsubiri. Aliona jinsi ulivyokuwa mwepesi; ungempita tu, angekuwa mke. Na kule Nduli, saa hizi, mwanamke mwingine alikuwa anatoka ibadani na mtoto mgongoni, akiamini mumewe analinda bohari. Naye angeendelea kuamini, mwaka baada ya mwaka, na safari hii mwenye kujua angekuwa Rozalia.

Alisimama.

Katekista alimtazama juu ya miwani. Alidhani amekosea wakati. "Kaa, mama. Bado."

"Ninacho," Rozalia alisema.

"Una nini?"

"Kizuizi."

Mtu alicheka nyuma, akanyamazishwa. Katekista alitazama karatasi, akamtazama tena. "Si wewe ndiye bibi arusi?"

"Ndiye mimi."

Mama yake alimvuta gauni. "Kaa chini, mwanangu. Utatuua kwa aibu." Upande wa wanaume benchi lililia, Liberatus alikuwa ameinamisha kichwa, mikono kati ya magoti. Padri alishuka ngazi za altare, taratibu, akasimama mbele ya Rozalia na kumwambia kwa upole kwamba angeweza kuyasema hayo baada ya misa, ofisini, wawili tu.

"Hapana, Padri," Rozalia alisema. "Mmeuliza watu wote."

Akawaambia jina la yule mwanamke, na mahali anapokaa, na watoto wake, na kwamba aliolewa kwa haki mbele ya mchungaji na wala hana habari. Hakusema juu ya miaka minane. Alipomaliza, mkono wa mama yake ulikuwa umeachia gauni. Tekla alikuwa anamtazama kutoka chini, mdomo wazi, na Rozalia akaona kwamba mtoto alikuwa na swali, na kwamba hili angelijibu yeye mwenyewe, leo hii, njiani, bila kulizungusha.